Mazumbai: Darasa la Chuo Kikuu Lililo Msituni, na Haki ya Mwanakijiji Kurudishiwa Maarifa

Na Mwandishi Wetu, Bumbuli

Mjadala kuhusu wahitimu wa vyuo vikuu na soko la ajira umedumu kwa muda mrefu hapa nchini. Waajiri hulalamika kwamba kijana hufika kazini na cheti kizuri lakini hajui kazi inaanzia wapi. Wahitimu nao hulalamika kwamba wanadaiwa uzoefu ambao hawakupewa nafasi ya kuupata. Serikali imeujibu mjadala huo kwa hatua kadhaa, na mbili kati yake zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, inayoweka mkazo katika ujuzi na stadi za kazi. Ya pili ni Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaofahamika kwa jina la HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425. Pamoja na kujenga kumbi za mihadhara na maabara, mradi huo unavitaka vyuo vikuu vihuishe mitaala yao kwa kuwasikiliza wadau wa uzalishaji.

Kwa mkulima wa Bumbuli, maneno hayo yanaweza kusikika kama habari za Dodoma na Morogoro, zisizomhusu yeye anayepanda na kushuka milima akiwa na tenga la chai mgongoni. Hata hivyo, ndani ya eneo la Halmashauri ya Wilaya ya Bumbuli, katika Milima ya Usambara Magharibi, lipo darasa la chuo kikuu ambalo limekuwa likifanya kazi hiyo tangu kabla ya neno "umahiri" kuingia katika nyaraka zetu. Darasa hilo ni Msitu wa Mazumbai.

Msitu uliotolewa zawadi

Mazumbai ni msitu wa asili wenye ukubwa wa hekta zipatazo 320, katika mwinuko wa kati ya meta 1,300 na 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Kabla ya kuwa mali ya chuo kikuu ulikuwa sehemu ya shamba la chai la familia ya Tanner, wenye asili ya Uswisi. Wakati mashamba mengi ya milimani yakifyeka msitu ili kupanua chai, mwenye shamba hili aliuacha usimame. Mwaka 1968 msitu huo ukakabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ajili ya mafunzo na utafiti.

Mwaka huo una uzito wake. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akikosoa elimu inayomtenga kijana na maisha ya jamii iliyomsomesha. Miaka saba baadaye, mwaka 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Kwa hiyo hoja ya kuunganisha elimu na maisha halisi haikuletwa na wafadhili wala haikuzaliwa jana. Ni hoja ya Taifa hili, na Mazumbai ni mojawapo ya mahali ilipopata ardhi ya kusimamia.

Tarehe 1 Julai 1984, kitivo kilichokuwa Morogoro chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipandishwa hadhi na kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), kwa heshima ya Hayati Edward Moringe Sokoine aliyefariki dunia mwezi Aprili mwaka huo. Msitu wa Mazumbai ukahamia SUA. Leo wanafunzi wa misitu wa chuo hicho wana madarasa mawili makubwa ya nje: Olmotonyi, karibu na Arusha, ambako hujifunza usimamizi wa msitu wa kupandwa, na Mazumbai, ambako hujifunza msitu wa asili.

Kile ambacho ubao hauwezi kufundisha

Tofauti ya madarasa hayo si ya jina tu. Chukua mfano wa mkulo, mti wa mbao ngumu ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima hii. Mti huu ulivunwa sana katika misitu ya milimani kwa sababu ya ubora wa mbao zake. Mwanafunzi anayesoma kitabuni anaweza kudhani kwamba kuurudisha ni suala la kukusanya mbegu na kuanzisha kitalu. Akifika msituni hukuta hali nyingine. Mbegu za mkulo ni shida kupatikana zikiwa nzima, maana nyingi huharibiwa na wadudu kabla ya kuota, na mti huo hujizaa zaidi kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi. Maana yake ni kwamba mahali ambapo visiki na mizizi vimeng'olewa ili kupisha shamba, mkulo haurudi kwa urahisi hata mtu akiwa na fedha za kitalu. Afisa misitu aliyejifunza jambo hilo kwa macho na mikono yake hataandika mpango wa upandaji miti kama yule aliyelikariri kwa ajili ya mtihani.

Vilevile, msitu huonesha kazi ambayo hesabu ya mbao haioneshi. Mvua na ukungu wa Usambara hunaswa na majani, huingia ardhini polepole na kutoka kama chemchemi. Vijito vingi vya sehemu ya kusini ya milima hii huishia katika Mto Pangani, ambako ipo mitambo ya kuzalisha umeme ya Hale na New Pangani Falls. Mkulima wa mboga, mama anayechota maji na mkazi wa mjini anayewasha taa wanategemea mfumo mmoja. Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mwanafunzi anayepima maji ya kijito wakati wa kiangazi na tena wakati wa masika ameinama, na atajua kwa nini kata moja ina maji na nyingine haina.

Historia inayoonya

Pamoja na sifa hizo, ni vema kukumbuka kwamba Usambara imewahi kuletewa wataalamu wengi, na si wote waliowafaa wananchi. Mwaka 1902 utawala wa Wajerumani ulianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, Usambara Mashariki. Kilikuwa na wanasayansi mahiri, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhudumia uchumi wa mashamba makubwa ya kikoloni. Mwaka 1946 Waingereza nao walianzisha mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, wakiwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko. Kitaalamu, tatizo la mmomonyoko lilikuwa la kweli. Lakini wakulima hawakuulizwa kuhusu nguvukazi iliyohitajika wala kuhusu hofu yao juu ya haki zao za ardhi. Wasambaa wakaupinga mpango huo, na kabla ya muongo wa 1950 kwisha ulikuwa umeachwa.

Tofauti ilionekana baadaye. Mwaka 1981 Mradi wa Kuzuia Mmomonyoko wa Udongo na Kilimo Mseto (SECAP), uliotekelezwa Lushoto kwa ushirikiano na Ujerumani, ulihimiza mistari ya majani ya malisho, vichaka na miti kufuata kontua. Majani yaleyale yaliyoshika udongo yalikuwa chakula cha ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani. Mkulima aliona faida mbili katika kazi moja. Mteremko ulikuwa uleule na mmomonyoko uleule. Kilichobadilika ni kwamba utaalamu ulianza na hesabu za kaya.

Ugonjwa wa tauni unatoa somo zito zaidi. Tangu mwaka 1980 Wilaya ya Lushoto ilikumbwa na milipuko iliyojirudia kwa zaidi ya miongo miwili. Watu zaidi ya 7,000 waliugua na mamia walipoteza maisha. Watafiti wa SUA wanaoshughulikia panya na viumbe waharibifu walikuwa miongoni mwa waliokwenda vijijini pamoja na wataalamu wa afya. Kutega panya na kuchunguza viroboto ilikuwa kazi ya maabara. Lakini kuelewa kwa nini wanawake na watoto waliugua zaidi kulihitaji kuingia ndani ya nyumba: nani analala sakafuni, mahindi yanahifadhiwa wapi, panya wanapita wapi usiku. Majibu hayo yalikuwa kwa wenye nyumba. Hapo elimu ya chuo kikuu na uzoefu wa mwananchi vilikutana kwa sababu maisha ya watu yalikuwa hatarini.

Safari ya kwenda na ya kurudi

Kwa kuzingatia historia hiyo, kipimo cha elimu kwa vitendo kisiwe idadi ya wanafunzi wanaopanda milima kila mwaka pekee. Kipimo kamili kina pande mbili: mwanafunzi ameondoka na nini, na kijiji kimebaki na nini.

Upande wa kwanza una mafanikio yanayoonekana. Upande wa pili bado unahitaji nguvu. Utafiti mwingi kuhusu misitu ya Usambara umeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa katika majarida ya kitaalamu ambayo mwanakijiji hawezi kuyapata wala kuyasoma. Mzee aliyemwongoza mtafiti msituni, akamtajia majina ya miti kwa Kisambaa na matumizi yake, mara nyingi hajui maelezo yake yalifikia wapi. Si lazima pawe na nia mbaya. Mtafiti hupimwa kwa machapisho, na mwanafunzi hupimwa kwa ripoti anayomkabidhi msimamizi wake. Hakuna anayemuuliza kama alirudi kijijini.

Aidha, mafunzo kwa vitendo hayana budi kutoka nje ya mpaka wa msitu. Bumbuli inaishi kwa chai, kahawa, viazi, mboga na matunda. Kiwanda cha Chai cha Mponde, kilichotegemewa na wakulima wadogo, kilisimama mwaka 2013, na Serikali ikalazimika kukirejesha mikononi mwake na kutafuta utaratibu mpya wa uendeshaji kupitia mifuko ya PSSSF na WCF. Kwa miaka ambayo kiwanda kilikuwa kimya, mkulima alibaki na michai isiyo na soko. Mwanafunzi wa uchumi wa kilimo anayetaka kuelewa ushirika, bei na mkataba hana haja ya kutafuta mfano wa nchi ya mbali. Na mwanafunzi wa misitu anapaswa kujua kwamba majani mabichi ya chai yasipopata mnunuzi, mkulima huelekeza macho kwenye kuni, mbao na ardhi mpya ya kulima. Chai na msitu ni somo moja.

Nini kifanyike

Utaratibu wa kuiwezesha safari ya kurudi tayari upo kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Kamati ya Maendeleo ya Kata inapokea mipango ya vijiji, na mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo unazitaka jamii zenyewe kuibua vipaumbele. Vyuo vikuu vinaweza kuutumia utaratibu huu bila kusubiri mradi mpya.

Kwanza, kila kundi la wanafunzi au watafiti linalofanya kazi Bumbuli lione kwamba muhtasari wa matokeo, ukurasa mmoja au miwili kwa Kiswahili fasaha, ni sehemu ya kazi yenyewe na uwasilishwe katika ofisi ya kijiji. Pili, uwasilishaji huo upewe alama katika tathmini ya mwanafunzi, kwa kuwa uwezo wa kumweleza mkulima jambo la kitaalamu nao ni ujuzi ambao mwajiri anauhitaji. Tatu, Halmashauri iandae orodha ya matatizo yanayotafutiwa majibu, kama vyanzo vya maji vinavyopungua, magonjwa ya viazi na mboga zinazoharibika njiani kabla ya kufika sokoni, na kuipeleka vyuoni ili wanafunzi wapate mada zenye mwenyewe. Nne, maafisa ugani washirikishwe tangu mwanzo, kwa sababu wao hubaki wanafunzi wanapoondoka.

Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji uamuzi wa vyuo, usimamizi wa halmashauri na udadisi wa wananchi. Kwa wananchi wa vijiji vinavyozunguka Mazumbai, mahali pa kuanzia ni karibu: mgeni mwenye kibali cha utafiti anapojitambulisha kijijini, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wamuulize anatafuta jibu la swali gani, na ni lini atarudi kulieleza mbele ya mkutano mkuu. Jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za kikao, na kikao kinachofuata kiulize kama ahadi hiyo imetimizwa.