Snokeli Siyo Mtumbwi, Kaka Zangu

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenikaba koo. Leo narudi na ugomvi, mtanisamehe.

Kuna mtindo umeingia kwa kaka zetu hapa Dallas na Fort Worth, na Houston ndiyo usiseme. Mtu ananunua Toyota pikapu ya mwaka 1993 au 94 (ile ambayo huku iliuzwa kwa jina la Pickup tu, sisi nyumbani tunaijua Hilux), anaifunga snokeli, yaani lile bomba jeusi linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa, anapiga picha, halafu anatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba kuanzia leo mafuriko hayamhusu. Sawa, gari ni lake. Lakini sasa wameanza kuwatangazia na manesi: "Dada zetu msihofu, mvua ikishuka sisi tutawapeleka kazini." Hapo ndipo nilipochemka. Zamisha lako, mimi usinipakie!

Nitoe haki yake kwanza. Injini inapumua kama sisi. Ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inapanda kuyabana, na maji hayabaniki, kwa hiyo kinachopinda ni konrodi, na injini ndiyo basi tena. Snokeli inapandisha pua ya gari juu ili isinywe maji. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri, sina ubishi. Nyumbani Arusha magari ya watalii yanazo tele, na nusu ya faida yake kule ni vumbi, maana hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ile inayotimuliwa na magurudumu. Ila dereva wa Serengeti mwenye akili akifika kwenye kivuko anasimama. Anashuka, anatazama maji yanakwenda kasi gani, anakumbuka chini kuna mawe au tope. Mto ukiwa umejaa anasubiri, wageni wanune wasinune. Kaka zetu wameiga bomba, ile nusu saa ya kusimama na kutazama hawakuiiga.

Sasa sikilizeni. Mgonjwa akiwekewa mpira kooni na mashine ikampumulia, mapafu yanapata hewa. Je, damu yake imeacha kumwagika? Figo zimepona? Hakuna nesi atakayesema mgonjwa huyu yuko salama kwa sababu tu kifua kinapanda na kushuka. Snokeli ni mpira kooni. Injini inaunguruma, na gari linakwenda na maji.

Piga hesabu mwenyewe. Kila futi moja ya maji inayopanda kwenye bodi ya gari inaliondolea takriban kilo 680 za uzito. Pikapu hizi za zamani zikiwa tupu zina kama kilo 1,200 hadi 1,500. Futi mbili tu, yaani sentimita 60, na gari lako halikanyagi tena barabara, linaigusa tu kwa adabu. Na mkia wa pikapu tupu ndio mwepesi, unaanza kuyumba kabla hujashtuka. Hata idara ya hali ya hewa ya Marekani inasema hivyo hivyo miaka yote: sentimita 30 za maji yanayokwenda zinasomba gari dogo, 60 zinasomba magari mengi, pikapu zikiwemo. Mdomo wa snokeli uko juu ya paa, karibu mita moja na nusu kutoka chini! Kati ya sentimita 60 na mita moja na nusu snokeli haikusaidii lolote, umo tu ndani ya boksi la bati linaloelea, injini ikiwa nzima kabisa.

Tena nasema inaongeza hatari. Gari lisilo na snokeli mara nyingi linazimika mapema, maji yakiwa bado magotini. Dereva anatoka, anatukana, viatu vimeharibika, anarudi kwa miguu. Lenye snokeli linampeleka mpaka pale ambapo mlango haufunguki.

Na hizo ni pikapu za zaidi ya miaka thelathini, jamani. Distribyuta ikilowa moto unakatika hata kama hewa ipo tele. Difu na giaboksi zina vitundu vya kupumulia, visipopandishwa juu kwa mipira zinanyonya maji na oili inageuka maziwa. Feni ikikutana na maji inaweza kujipinda ikatoboa rejeta. Niliuliza wawili kati ya hawa mashujaa wetu kama wameshughulikia difu. Mmoja alicheka. Mwingine aliniuliza difu inapumuaje.

Mnaniambia mimi mwoga. Haya. Agosti 2017, wakati wa Harvey, Nederland, mashariki ya Houston, ilipata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa siku chache tu, kupita ile ya mwaka mzima Dar es Salaam. Alfajiri moja afisa wa polisi wa Houston, mtu mwenye miaka 34 kazini, aliyezijua barabara za mji ule kuliko mimi na wewe, alizama ndani ya gari lake kwenye njia inayopita chini ya daraja. Alikuwa anajaribu kufika kazini. Siku hizo hizo familia ya watu sita, wazee na watoto, iliishia ndani ya gari kwenye Greens Bayou. Huku kwetu Dallas, Agosti 22, 2022, mvua ya siku moja ilitosha, na mama mmoja akafa Mesquite gari lake liliposombwa. San Antonio, Juni 2025, watu 13 walikufa, wengi wao walikuwa kwenye magari yaliyosombwa kabla watu hawajanywa chai.

Nyumbani je? Desemba 4, 2021, mto Enziu, Mwingi, Kenya. Basi la wanakwaya waliokuwa wanakwenda harusini liliingia kwenye maji, watu wamesimama ng'ambo wanatazama, wengine wanarekodi kwa simu. Walikufa zaidi ya 30. Lile lilikuwa basi, kaka yangu. Uzito wake na urefu wake hauulinganishi na pikapu yako.

Sasa nije kwa hawa wanaotuita kazini, maana kaka zetu wasingekuwa na wa kumwokoa kama hakuna anayetupigia simu. Septemba 19, 2019, Imelda iliposimama juu ya Houston, nilikuwa nafanya kazi hospitali moja ambayo sitaitaja. Msimamizi wa zamu alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Barabara ya mtaani kwetu ilikuwa mto, makopo ya taka yanapita. Akaniuliza: "Hakuna mtu wa kwenu mwenye gari refu?" Nikamjibu sitoki. Nikaandikiwa utoro. Barua ile ninayo mpaka leo, nimeihifadhi pamoja na cheti changu cha digrii.

Swali lile ndilo linalonikera kuliko snokeli yenyewe. Hospitali inajua siku mbili tatu kabla kwamba dhoruba inakuja kutoka Ghuba. Juni 2001 dhoruba ya Allison ilijaza maji vyumba vya chini vya hospitali za Texas Medical Center, umeme ukakatika, wagonjwa wakashushwa kwenye ngazi mikononi. Baada ya hapo walijenga milango mizito ya kuzuia maji, wakapandisha mitambo ya umeme juu, na Harvey ilipokuja sehemu kubwa ya eneo lile ilisimama. Na hospitali nyingi za Houston zina kikosi cha manesi kinachoingia kabla ya mvua, kinalala humo humo na kubadilishana zamu mpaka maji yashuke. Kwa hiyo njia inajulikana. Ni gharama tu: vitanda, chakula, na kulipia saa. Anayekwepa gharama hiyo ndiye anayeniuliza habari za gari refu. Na wewe mwenye snokeli, ukijitolea kunipitisha kwenye maji, unamsaidia yeye, hunisaidii mimi.

Kuna na sheria, kwa wale wasiosikia hesabu. Texas ukipita pembeni ya kizuizi kilichowekwa kwa sababu ya maji barabarani, unaweza kufungwa hadi siku 180 au kutozwa faini hadi dola 2,000. Kwa mwenzangu ambaye makaratasi yake bado yako njiani, kesi ya namna hiyo siyo mzaha. Na pikapu ya zamani kwa kawaida ina bima ile ya lazima tu, ambayo gari lako likizama haikulipi hata senti.

Halafu maji yenyewe! Yana vinyesi, mafuta, nyaya za umeme, na wale chungu wekundu wa Texas wanaoshikana wakaelea kama jamvi. Nimesafisha vidonda vya watu waliotembea humo. Sitaeleza zaidi, wengine mnasoma mkila.

Shemeji yangu wa Alief, najua unasoma hapa. Kazi ya kutoboa bodi umeifanya safi, hata silikoni haikuvuja. Pikapu yako naihitaji kweli, lakini dhoruba ikitangazwa, njoo jana yake saa kumi alasiri, jua likiwa bado linawaka. Nitakuwa na begi la siku nne, godoro la upepo na jungu la wali. Nishushe mlangoni kwa hospitali, kisha kaliegeshe ghorofa ya tatu ya maegesho na funguo umpe mkeo.