Gari la kujitengenezea: kabla ya kusifu mwendo, pedali ya freni iangaliwe

Kijana anayeteremsha chukudu kutoka Kibumba hadi Goma, akibeba viazi na kabichi, haanzi safari kabla ya kuangalia kitu kimoja: kipande cha mpira kilicho karibu na gurudumu la nyuma. Akikikanyaga, kinabana gurudumu na mzigo unapunguza mwendo. Kikiwa kimelika, anakibadilisha kwanza. Hakufundishwa hayo darasani. Ni mteremko uliomfundisha.

Hekima hiyo hukosekana mara nyingi pale fundi kijana anapojitengenezea gari, kwa vyuma vya kuokoteza na mota iliyotolewa kwenye gari kuukuu. Siku gari linapotoka garaji, watu wanakusanyika, simu zinapiga picha, na swali ni lile lile: linakimbia kilomita ngapi kwa saa? Wachache wanauliza linasimama namna gani. Hata hivyo, swali hilo ndilo linaloamua kama mwenye gari na mtoto anayevuka barabara watarudi nyumbani jioni.

Nchi ambako watu wamezoea kujitengenezea magari zimelielewa hilo. Huko Uingereza, mwaka 1996, Ron Champion alitoa kitabu kinachoeleza namna ya kujenga gari dogo la mbio kwa pauni 250, na watu wengi walilijenga nyuma ya nyumba zao. Hakuna anayewakataza. Lakini kabla ya kuingia barabarani, gari kama hilo linapita kwenye ukaguzi wa serikali unaoitwa IVA. Freni zinapimwa: magurudumu ya mbele yanapaswa kubana kabla ya yale ya nyuma, kwa sababu nyuma ikibana kwanza gari linazunguka. Na pale penye skurubu ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ikisharekebishwa inafungwa kabisa ili mtu asiiguse tena hovyo.

Shida ya gari la kujitengenezea ni kwamba pedali inatoka gari moja, pompi ya freni inatoka gari lingine, na bati zinaposhikizwa lilikatwa na fundi mwenyewe. Kila kipande kinaweza kuwa kizima, lakini vyote pamoja visielewane.

Kwanza ni urefu wa pedali. Ikiwa kutoka kwenye ekseli yake hadi mahali pa mguu ni sentimita 30, na hadi kwenye fimbo inayosukuma pompi ni sentimita 5, nguvu ya mguu inazidishwa mara 6. Kilo 30 za mguu zinafika kwenye pompi zikiwa 180. Gari lisilo na kisaidizi cha freni linahitaji kipimo kinachokaribia hicho. Fundi akifupisha pedali ili ienee ndani ya gari dogo, dereva atakanyaga kwa nguvu zake zote na gari litaendelea kwenda. Na bati likiwa jepesi, litapinda kila anapokanyaga, nguvu ipotelee hapo hapo.

Pili ni nafasi ndogo kati ya fimbo hiyo na pistoni ya pompi. Kwa kawaida inatosha milimita 1 hivi. Ikizidi, mguu unakwenda mbali kabla ya freni kushika. Ikikosekana, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu haionekani. Pistoni hairudi hadi mwisho, kitundu kinachorudisha mafuta kinabaki kimezibwa, na freni zinaendelea kushika hata mguu ukiwa umeondolewa. Zinapata moto, mafuta yanapanuka, zinashika zaidi. Kwenye mteremko mrefu mafuta yanaweza kuchemka, na pedali inazama hadi chini bila kitu. Hata swichi ya taa ya nyuma, ikisogezwa mbele kupita kiasi, inaweza kuisukuma pedali kidogo na kuleta matokeo hayo hayo.

Kuna watakaosema kwamba maneno haya yanawavunja moyo vijana ambao hawana kazi wala vifaa, na ambao wangepaswa kupewa pongezi. Wengine watasema kuna magari mengi ya kununuliwa yanayotembea na freni mbovu bila mtu kuuliza. Hoja ya pili ni ya kweli, lakini kosa la jirani halijawahi kusimamisha gari. Kuhusu ile ya kwanza, kurekebisha pedali si kazi ya pesa. Inahitaji rula, funguo mbili tatu, mafuta mapya ya freni na saa chache za uvumilivu. Kijana aliyeweza kutengeneza fremu nzima hawezi kushindwa na milimita 1. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba milimita hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Hapo ndipo wakubwa wana deni. Wanaokwenda kupiga picha na mvumbuzi wangemsaidia zaidi kwa kumletea fundi mzoefu wa freni. INPP, inayofundisha mafundi, ingeweza kutenga siku ambapo mtu analeta gari alilojitengenezea, likaguliwe chini na juu, bila faini na bila kunyang'anywa. Ukaguzi unaotafuta pesa unawafundisha vijana kujificha. Unaotafuta kosa ili lirekebishwe utawafanya warudi wenyewe.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna kipimo ambacho hata mtazamaji anaweza kukiomba. Mwenye gari aketi, avae kiatu anachoendeshea, akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia huku watu wakihesabu hadi 30. Kisha aachilie, na magurudumu yote 4 yazungushwe kwa mkono yakiwa yameinuliwa. Pedali ikizama polepole, au gurudumu moja likikataa kuzunguka, gari lirudishwe garaji. Picha zinaweza kungoja.