Simu za China: bei inavutia, programu si zao

BUJUMBURA - Tecno na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zimeliteka soko la Afrika kwa bei nafuu, laini mbili na betri inayodumu. Kwa mteja wa hapa, umeme ukikatika kila mara, hilo si jambo dogo.

Udhaifu uko kwenye programu. Simu hizo hutumia Android ya Google, kampuni ya Marekani. Mei 2019 Marekani iliiwekea Huawei vikwazo, na simu zake mpya zikakosa huduma za Google, Play Store ikiwemo. Huawei ilibuni mfumo wake, HarmonyOS, lakini mteja wetu anataka programu alizozizoea. Mfanyabiashara, fungua katoni uzijaribu kabla mzigo haujaondoka Dar es Salaam. Ukishavuka Kobero, hasara ni yako.