Nasaba za Ugogo: Nani Mwenyeji wa Kwanza?

Kila mtafiti anayefika Ugogo kuchunguza nasaba huwauliza wazee swali moja: ukoo huu ulitoka wapi? Koo nyingi hujinasibisha na Uhehe. Nyingine hutaja Unyamwezi, Ukimbu au Ukaguru. Mathias Mnyampala alikusanya masimulizi ya aina hiyo katika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika (1954), na Peter Rigby akayachambua katika kitabu chake cha mwaka 1969. Thamani ya kazi hizo haina shaka. Kinachotia shaka ni namna zinavyosomwa, kana kwamba orodha ya mababu ni kalenda.

Kwanza, safari ya ukoo si safari ya lugha. Katika uainishaji wa Guthrie, Kigogo (G11) kimo kundi moja na Kikaguru (G12), ilhali Kihehe (G62) kimo kundi jingine. Anayeyafanya masimulizi ya asili ya Uhehe kuwa historia ya jamii nzima hana budi kueleza kwa nini wajukuu wa wahamiaji hao wanasema Kigogo. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba mgeni alioa kwa wenyeji, na watoto wakakulia katika lugha ya mama zao. Nasaba huhifadhi jina la mgeni. Lugha huwahifadhi wale ambao nasaba haiwataji.

Pili, istilahi za ujamaa hazihesabiki kirahisi. Katika lugha nyingi za Kibantu, ndugu wa kiume wa baba naye ni baba, na mtu aweza kuitwa mwana wa babu aliyemtangulia kwa vizazi kadhaa. Kuzidisha idadi ya majina kwa miaka 25 au 30 ili kupata tarehe ya kuhamia ni kujenga nyumba juu ya mchanga.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, uenyeji wa kwanza ni dai kabla ya kuwa tarehe. Zamani ukoo wa mtemi ulishika mambo ya mvua na ardhi katika nchi yake, na simulizi ya kuwasili kwake ndiyo iliyokuwa hati yake. Mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963, lakini dai halikufa. Operesheni ya vijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwatenga watu wengi na mahame na makaburi yaliyobeba kumbukumbu za koo. Tangu Dodoma iteuliwe kuwa makao makuu mwaka 1973, na hasa baada ya serikali kuanza kuhamia huko mwaka 2016, mashamba mengi yamegeuka viwanja. Leo swali la nani alitangulia lina bei, na msimulizi anaijua bei hiyo.

Haifai basi kuyatupa masimulizi hayo, wala kuyameza mazima. Yafaa yanakiliwe kwa Kigogo chenyewe kabla ya kufasiriwa kwa Kiswahili. Majina ya akina mama na koo zao yaandikwe sambamba na ya akina baba. Na kila nasaba iambatane na maelezo ya nani aliisimulia, wapi, na mbele ya nani. Mtafiti anayeandika orodha ya wanaume peke yake, tena kwa lugha ya pili, hajaandika historia ya ukoo. Ameandika upande mmoja wa shauri, na huenda kesho akaukuta barazani kama ushahidi.