Mashauri kwa Wafugaji: Kideri cha Kuku
Ndege wafugwao kwa mayai na nyama ni kuku, bata, bata mzinga na kanga. Kuku huatamia siku 21, na bata mzinga 28. Lakini kazi hiyo yote yaweza kupotea kwa juma moja kideri kiingiapo bandani. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake kubwa ni chanjo. Ile ya matone hutiwa jichoni, tone 1 kwa kila kuku, nayo hurudiwa kila miezi 3 au 4. Kuku mgeni na atengwe majuma 2. Kuku mgonjwa asipelekwe sokoni, maana amwuzaye humwuzia jirani msiba. Kuku ni akiba ya nyumba. Yapasa ilindwe mapema.