Laini Yangu Niachieni

Wapo wanaoniambia kwamba ile kadi ya simu, tunayoiita laini, imepitwa na wakati, na kwamba simu isiyo na tundu la kadi ndiyo maendeleo. Mimi nakataa.

Kadi hii ilianza kutumika Ulaya mwaka 1991, pamoja na mtandao wa GSM. Ilitenganisha biashara mbili: kuuza simu na kuuza maongezi. Namba inakaa kwenye kadi. Simu ni chombo tu. Huko Marekani, kampuni za Verizon na Sprint zilifuata mfumo wa CDMA, na kwa miaka mingi simu zao hazikuwa na kadi. Simu yenyewe ndiyo iliyoandikishwa mtandaoni, na kampuni ikiikataa hupigi. Basi Mmarekani alinunua simu kwenye duka la kampuni, kwa bei iliyopunguzwa na mkataba wa miaka miwili shingoni.

Sisi hatukupitia huko. Mfanyabiashara wa Kariakoo huuza simu bila kuiomba kampuni ya simu ruhusa, na mnunuzi huchomeka laini aipendayo. Kisha zikaja simu za laini mbili: vifurushi vya huku, pesa za kule. Tecno ilijijengea soko Afrika kwa simu hizo; Nokia, kinara wa siku zile, ilitangaza za kwake mwaka 2010, wenzake wamekwisha kutangulia. Kwa kampuni za simu, mteja mwenye laini mbili ni nusu mteja. Na iwe hivyo! Nani alisema tu mali yao?

Mwaka 2022 Apple ilianza kuuza iPhone 14 nchini Marekani bila tundu la kadi. Laini imo ndani kwa ndani, huletwa kwa intaneti. Watetezi wake husema simu moja huhifadhi laini nyingi. Ni kweli, na kwa msafiri ni nafuu. Lakini kuihamisha ni mpaka kampuni na mitambo yake iridhie. Simu yangu ikivunjika usiku, msomaji, leo nachomoa laini, naichomeka katika simu ya jirani, natoa fedha zangu za M-Pesa, nampeleka mtoto hospitali. Hiyo laini ya ndani, simu ikiwa imekufa, mara nyingi itanitaka nisubiri duka la kampuni lifunguliwe asubuhi.