Mpira wa vyuo Marekani: mzigo wa mkimbiaji ubebwe na mmoja au na wawili?

Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja mwaka 1995, kijana mzaliwa wa Kinshasa alipewa mpira mara 37 katika mechi moja. Kila mara aliingia nao katikati ya wanaume wenye zaidi ya kilo mia, akaangushwa, akainuka, akapewa tena. Mechi ilipokwisha, alikuwa amesogeza mpira yadi 313, yaani karibu mita 286. Timu yake, Chuo Kikuu cha Michigan, iliwafunga mahasimu wao wa Ohio State 31 kwa 23. Ohio State walikuwa hawajapoteza mechi hata moja msimu ule.

Jina lake ni Tshimanga Biakabutuka. Wamarekani wanamwita Tim. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia Longueuil, katika jimbo la Quebec huko Kanada, kisha akaenda Michigan kusoma na kucheza mpira wa Kimarekani. Siku ile moja ilimpa jina ambalo mashabiki wa Michigan hawajalisahau hadi leo.

Lakini jina lake linaleta swali ambalo makocha wa vyuo wanajiuliza kila msimu: ukiwa na mkimbiaji mmoja hodari kuliko wote, umpe mpira kila mara, au umgawie mzigo na mwenzake? Wengi wanalichukua kama swali la kupata ushindi tu. Ukiangalia vizuri, ni swali la mwili wa kijana wa miaka 20, la kazi yake ya baadaye, na siku hizi pia la pesa.

Mchezo wenyewe unavyokwenda

Kwa msomaji aliyezoea mpira wetu wa miguu, maelezo machache yatasaidia. Katika mpira wa Kimarekani kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Timu inayoshambulia inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapata nafasi nne nyingine. Mpira unaweza kurushwa hewani, au kukabidhiwa mkimbiaji mkononi ili apite nao katikati ya mabeki.

Mkimbiaji huyo ndiye anayepigwa sana. Karibu kila anapobeba mpira, mwisho wake ni kuangushwa chini, mara nyingi na watu wawili au watatu kwa pamoja. Akibeba mara 20, amekubali kugongwa kama mara 20.

Kuna tofauti moja kubwa na mpira wetu. Kwetu, mchezaji akishatolewa hawezi kurudi katika mechi ile. Kule mchezaji anatoka, anapumzika, anarudi, na hakuna idadi iliyowekwa. Kwa hiyo kocha hawezi kusema kwamba sheria inamlazimisha kumtumia mtu mmoja. Kila anapokabidhi mpira, amechagua nani akagongwe.

Hesabu za timu tatu

Tuanze na msimu wa 2024. Ohio State walikuwa na wakimbiaji wawili wakubwa: Quinshon Judkins na TreVeyon Henderson. Judkins alibeba mpira mara 194, akapata yadi 1,060. Henderson alibeba mara 144, akapata yadi 1,016. Kila mmoja alivuka yadi 1,000, kipimo kinachohesabiwa kule kuwa alama ya msimu mzuri. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, Ohio State wakatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23.

Msimu huohuo, Chuo Kikuu cha Boise State, katika jimbo la Idaho, kilimtegemea mtu mmoja: Ashton Jeanty. Alibeba mpira mara 374 katika mechi 14 na kupata yadi 2,601. Alibakiza yadi 27 tu kufikia rekodi ya Barry Sanders ya mwaka 1988. Ni kazi ya ajabu. Lakini linganisha: Judkins na Henderson, ukiwajumlisha wote wawili, walibeba mara 338 katika mechi 16. Jeanty peke yake alibeba mara 36 zaidi ya watu wawili, na alicheza mechi mbili pungufu.

Sasa angalia mgawanyo. Kwa mara 338 za Ohio State, Judkins alichukua asilimia 57 na Henderson asilimia 43. Notre Dame waliocheza nao fainali walikuwa na Jeremiyah Love, mara 163, na Jadarian Price, mara 120: asilimia 58 kwa 42. Rudi nyuma hadi msimu wa 2017. Chuo Kikuu cha Georgia kilifika fainali kikiwa na Nick Chubb, mara 223, na Sony Michel, mara 156. Ukipiga hesabu ya hao wawili, utapata asilimia 59 kwa 41. Georgia walikuwa hata na wa tatu, D'Andre Swift, aliyebeba mara 81.

Timu tatu, makocha tofauti, na zote zinakaribia hesabu moja: sita kwa nne. Timu tatu haziwezi kuwa sheria, na Georgia walipoteza fainali yao mbele ya Alabama, 26 kwa 23. Lakini zinaonyesha jambo moja wazi: timu inaweza kugawa mzigo na bado ikafika kileleni.

Wanaotetea mkimbiaji mmoja

Upande wa pili una hoja zake, na tusizidharau. Wa kwanza kutajwa ni Derrick Henry. Mwaka 2015 Alabama walimpa mpira mara 395. Katika mechi mbili zilizofuatana, dhidi ya Auburn kisha Florida, alibeba mara 46 na mara 44. Ni mara 90 ndani ya siku nane. Alabama wakawa mabingwa, Henry akapata tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Wala mwili wake haukuvunjika baada ya hapo: mwaka 2020, akiwa katika ligi ya kulipwa ya NFL, alipata yadi 2,027 kwa msimu mmoja.

Makocha wa upande huu wanasema pia kwamba mkimbiaji anahitaji kuizoea mechi. Mara tano za kwanza anasoma mabeki wanavyosimama; kuanzia mara ya 15 anajua mlango utafunguka wapi. Ukimtoa kila wakati, unamkatia mwendo.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini Henry ni mtu wa mita 1.90 mwenye zaidi ya kilo 110, na kocha hawezi kuweka kanuni ya vijana wote kwa kumtazama yeye. Angalia Marcus Lattimore wa Chuo Kikuu cha South Carolina. Mwaka 2010, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alipewa mpira mara 37 katika mechi moja dhidi ya Georgia. Mwaka 2011 goti lake liliumia na msimu ukaisha. Mwaka 2012 goti la pili likaumia vibaya zaidi. Timu ya NFL ilimchagua hata hivyo, lakini aliacha mpira mwaka 2014 bila kucheza hata mechi moja ya ligi hiyo.

Hakuna anayeweza kusema kwamba mara 37 za mwaka 2010 ndizo zilizovunja magoti ya Lattimore. Goti linaweza kuvunjika mara ya kwanza mtu anapogusa mpira. Na hapo ndipo penye hoja: ikiwa hatari ipo kila mara mpira unapobebwa, anayebeba mara nyingi zaidi anakutana nayo mara nyingi zaidi.

Tena, wapinzani nao wanajua kuhesabu. Mechi ya mwisho ya Jeanty na Boise State ilikuwa tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2024, dhidi ya Penn State. Kila mtu uwanjani alijua mpira utakwenda kwa nani. Jeanty alibeba mara 30 na kupata yadi 104 tu, karibu nusu ya wastani wake wa msimu kwa kila mara. Boise State walifungwa 31 kwa 14. Penn State walikuwa na wakimbiaji wawili, Nicholas Singleton na Kaytron Allen, na kila mmoja alivuka yadi 1,000 msimu ule.

Faida nyingine ya wawili inaonekana siku ya msiba. Mwezi wa kumi 2015, Chubb wa Georgia aliumia goti vibaya dhidi ya Tennessee. Michel aliingia mahali pake na kumaliza msimu akiwa amevuka yadi 1,000. Kwa sababu alikuwa ameshazoea kazi, hakuanza kujifunza siku mwenzake alipobebwa nje.

Nani anaogopa kuwa wa pili?

Kwa miaka mingi, kizuizi kikubwa cha mgawanyo kilikuwa hofu ya wachezaji wenyewe. Kijana anafikiri: nikibeba mara chache, maskauti wa NFL hawataniona. Mambo yaliyotokea yanasema vingine. Mwaka 2018, Michel aliyebeba mara 156 alichaguliwa wa 31, na Chubb aliyebeba mara 223 alichaguliwa wa 35. Mwaka 2025, Judkins alichaguliwa wa 36, Henderson wa 38. Henry naye, baada ya mara 395 na tuzo ya Heisman, alichaguliwa wa 45.

Ni kweli Jeanty alichaguliwa wa 6 mwaka 2025, na wa 6 analipwa zaidi ya wa 36. Msimu wa mtu mmoja unaweza kumfikisha juu sana. Lakini kuwa nusu ya kundi la watu wawili hakukumfungia mtu mlango, na mwili unafika mlangoni ukiwa umegongwa mara chache zaidi.

Pesa nazo zimebadilisha hali. Tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2021, wanafunzi wanaruhusiwa kupata pesa kutokana na jina na picha zao. Tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kiwango cha juu cha karibu dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mchezaji asiyeridhika anahama kwa urahisi pia: Judkins mwenyewe alitoka Ole Miss kabla ya kwenda Ohio State.

Hapo kuna mitego miwili. Kocha anaweza kusema: huyu tumemlipa, basi abebe. Au mchezaji anaweza kusema: msiponipa mpira, nahama. Lakini kuna nafasi nzuri pia. Zamani, mara za kubeba mpira ndizo zilikuwa mshahara pekee wa kijana, njia yake pekee ya kufika kwenye pesa. Leo anaweza kulipwa vizuri akibeba mara 12 kwa mechi. Sababu ya kujiumiza ili aonekane imepungua. Na kwa kuwa mashindano ya ubingwa sasa yana timu 12 badala ya 4, timu inaweza kucheza mechi 16 kama Ohio State. Michigan ya Biakabutuka ilicheza 13.

Mgawanyo unaofaa

Kwa maoni yetu, kocha mwenye wakimbiaji wawili wazuri aanzie kwenye sita kwa nne. Wa kwanza abebe mara 13 hadi 16 kwa mechi, wa pili 9 au 10, na wa tatu apewe chache ili ajifunze. Timu ikiwa inaongoza kwa alama nyingi, wa kwanza akae nje. Yadi za dakika za mwisho hazina faida ila kwa takwimu zake. Katika mechi kubwa kabisa, kocha afuate mkono wenye moto, kama Michigan walivyofanya siku ile ya 1995. Siku kama hiyo iwe moja au mbili kwa msimu. Isiwe desturi ya kila wiki. La mwisho: wachezaji waambiwe mpango mapema, kabla ya msimu kuanza, pamoja na wazazi wao.

Wazazi tunawataja kwa makusudi. Familia nyingi kutoka Kivu, Katanga na Kinshasa zinaishi leo Marekani na Kanada, na watoto wao wanacheza michezo ya huko. Mzazi ambaye mtoto wake anaitwa na chuo kikubwa atasikia habari za uwanja, jezi na pesa. Aulize pia swali moja: mtoto wangu atabeba mpira mara ngapi, na nani atambadilisha akichoka?

Biakabutuka alibeba mara 303 msimu ule wa 1995, akapata yadi 1,818. Mwaka 1996 timu ya Carolina Panthers ilimchagua wa 8, na katika mechi yake ya nne goti liliumia, msimu ukaisha. Aliendelea hadi 2001, majeraha yakimfuata, bila kufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote. Michigan hawana hatia ya goti hilo. Liliumia kwingine, chini ya kocha mwingine. Lakini mzigo wa mara 303 hakuuacha Michigan alipoondoka. Alikwenda nao, kwa sababu ulikuwa mwilini mwake.